Fundi Spana na Koni Nne za Loti ya Juni

Waombolezaji mliokaa na mliosimama, na ninyi wa kule nyuma mliojibanza kwenye kivuli cha ukuta mkidhani hamwonekani, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mvumilie kidogo, kwa kuwa historia mtakayosomewa ni ndefu kuliko ile aliyoiandika baba mkubwa, kurasa mbili safi zisizo na doa, ambayo marehemu alisomewa akiwa hai, kitandani kwake, tarehe 20 Juni mwaka huu, karibu na sikio lake la kulia ambalo ndilo lililokuwa na nafuu, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza huyo mtu aliyeelezwa humo ni nani, maana yeye hamjui. Hapo ndipo kazi ikahamishwa kutoka kwa baba mkubwa, mwenye cheti, kwenda kwa mjukuu wa nne, asiye na cheti ila mdomo anao, na marehemu akasema mdomo unatosha, mradi kisifichwe kitu.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Spana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika chumba cha pili cha nyumba ya matofali mabichi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiwa mpakiaji wa marobota na mama yake akiwa mshonaji wa magunia, na mama huyo alipenda kusimulia kwamba siku hiyo madirisha yalikuwa wazi, vumbi la pamba limejaa chumbani, na mtoto alipiga chafya kwanza ndipo akakumbuka kulia.

Alianza shule Januari 1956, akaiacha Novemba 1961, akiwa darasa la sita, na sababu ya kuiacha haikuwa ada wala ugonjwa, bali shati la mwalimu wa hesabu, kwa sababu marehemu, akiwa na miaka kumi na tatu, aliitwa mbele ya darasa kufanya hesabu ya kugawanya, akasimama karibu na mwalimu, akaona mkono wa shati lake una nyuzi mbili zilizoruka, akamwambia mbele ya wenzake kwamba kitambaa hicho kauziwa na mwizi, mwalimu akamwonyesha mlango, naye akautumia. Hesabu ya kugawanya hakuijua hadi uzeeni, lakini ukimpa kipande cha kitambaa alikisugua kwa kidole gumba akakutajia nyuzi ngapi kwa inchi, na wakaguzi waliokuja na miwani yao ya kukuza walihesabu robo saa nzima ndipo wakafika pale alipofika yeye.

Tarehe 3 Februari 1964 aliajiriwa katika kiwanda kikubwa cha nguo mwisho wa barabara ya reli, kilichokuwa na mashine za kufuma mia mbili na arobaini chini ya paa moja la bati, na ninyi wakongwe mliofanya kazi humo mnajua kelele zake, mtu alikuwa akipiga kelele sikioni mwa mwenzake na mwenzake hasikii, ndiyo maana wote walijifunza kusema kwa midomo bila sauti na kusoma midomo ya wenzao hata kutoka upande wa pili wa ukumbi, na mtindo huo ukahamia majumbani, ukaingia kwa watoto na wajukuu, mpaka leo mgeni akitupita sokoni tunachezesha midomo kimyakimya hudhani tunamsengenya, na mara nyingi hakosei. Mwaka 1971 alipandishwa cheo kuwa fundi wa mashine, akakabidhiwa mashine thelathini na mbili na spana namba kumi na tatu, na spana hiyo ikawa haimtoki mfuko wa nyuma, hata picha ya harusi yake inaonyesha koti limetuna upande mmoja kama ana uvimbe.

Harusi yenyewe ilifungwa tarehe 9 Septemba 1973, na bibi arusi alikuwa mzungushaji wa nyuzi katika kiwanda hichohicho, kazi yake kuhamisha uzi kutoka kwenye koni kubwa kwenda kwenye vijiti vidogo vinavyoingia mashinini, na marehemu alimtongoza kwa midomo kutoka umbali wa mita arobaini, kwa muda wa miezi saba, mbele ya wafanyakazi mia tatu waliokuwa wakisoma kila neno, na Bibi, aliyekaa hapa mbele leo, akawa anajifanya haoni, mpaka siku moja akamjibu, pia kwa midomo, kwamba aje nyumbani na watu wazima. Walijaliwa watoto wanne, baba mkubwa mwaka 1974, shangazi mwaka 1977, mama wa huyu anayewasomea mwaka 1980, na mjomba kitinda mimba mwaka 1985, na wote wanne hawawezi kupata usingizi pakiwa kimya.

Tarehe 30 Juni 1988 kiwanda kilifungwa, na badala ya kiinua mgongo kila mfanyakazi wa muda mrefu alipewa mashine mbili chakavu, abebe mwenyewe, na hapo ndipo mtaa huu ulipozaliwa upya, kwa sababu watu walibomoa kuta za vyumba vya mbele, wakamwaga zege, wakafunga mashine zao pale palipokuwa na makochi, na kufikia mwaka 1990 kulikuwa na nyumba sitini na moja zenye mashine za kufuma, zote zimesimamishwa kwa mkono wa marehemu na spana yake, hilo si majigambo ya familia, kila mwenye mashine hapa anajua nani aliyeinyoosha ikawa inatembea bila kurukaruka. Chumba cha mbele cha marehemu kilikuwa na mashine mbili, meza ya chakula ikahamia barazani, na wageni wakawa wanakaribishwa kwa kukaa juu ya majora.

Mwaka huohuo wa 1990 nyumba hizo ziliungana zikawa Umoja wa Wafumaji, zikajenga stoo moja ya nyuzi na meza moja ndefu ya ukaguzi, na mezani wakamweka mama mmoja jirani, mjane wa rafiki mkubwa wa marehemu, ambaye kwa jicho lake kali alikuja kuitwa Mama Meza, naye alimwita marehemu shemeji, na jora lolote halikutoka mtaani bila kupita chini ya viganja vyake. Mwaka 1992 wakapata mnunuzi wa ng'ambo, aliyetaka kitambaa cha mashuka ya hospitali, na kazi ilikwenda hivi: oda inagawanywa, kila nyumba inafuma fungu lake, majora ghafi yanakusanywa, yanapelekwa kwa watia rangi kule bandarini, yanapaushwa, yanatiwa rangi ya bluu nyepesi, yanapakiwa kwenye kontena, yanaondoka, na marehemu, ambaye maishani mwake hakuwahi kupita bandari, alitembea mtaani kifua mbele akisema kuna wagonjwa wa nchi za watu wanaopona haraka kwa sababu wanalalia mkono wake.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo baba mkubwa hakuliandika, na familia ilibishana juu yake siku tatu, baba mkubwa akisema marehemu huzikwa na mema yake, shangazi akiwa katikati kama kawaida yake, mpaka Bibi aliposema lisomwe, na neno la Bibi halina rufaa.

Uzi hufika kwa loti, na kila loti ilisokotwa kwa pamba yake, na sheria ya kwanza ya oda ya nje, sheria ambayo hata mtoto wa mfumaji anaijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu, ni kwamba usichanganye loti mbili katika jora moja, kwa sababu kitambaa kikiwa ghafi nyuzi hizo zinafanana kama pacha, hakuna jicho la kuzitenganisha, ila kikishatiwa rangi kila pamba inakunywa rangi kwa kiu yake, na hapo michirizi inajitokeza. Ili watu wasikosee, loti ya Juni 1996 ilikuja kwenye koni za karatasi zenye ncha nyekundu, na loti ya Agosti, iliyokuwa ya oda ya mita elfu arobaini na nane, ikaja kwenye koni zenye ncha ya kijani.

Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 1996, saa tisa alasiri, marehemu alikuwa amebakiza mita thelathini na kitu kumaliza majora yake kumi na moja, Bibi amekwenda kumuuguza dada yake, stoo ya nyuzi imefungwa mpaka Jumatatu, na uzi wa kijani umekwisha, na tatizo ni kwamba marehemu alikuwa ameshatangazia mtaa mzima kwamba yeye atakuwa wa kwanza kumaliza, kama alivyokuwa wa kwanza oda zote zilizopita, tena alikuwa amemtania jirani wa mkabala kwamba mashine zake zinafuma kama zinachechemea. Chini ya kitanda kulikuwa na koni nne za Juni, alizozibakiza. Alizitoa, akauvuta uzi, akautazama dhidi ya mwanga wa dirisha, akaung'ata, akaulinganisha na wa Agosti, akaona ni uleule, akajiambia mita thelathini kati ya elfu arobaini na nane nani atazijua, akazungusha vijiti mwenyewe, akamaliza kabla ya jua kuzama, na Jumatatu akapeleka majora mezani akiwa wa kwanza, Mama Meza akayapitisha viganja, hakuona kasoro, kwa sababu katika kitambaa ghafi kasoro hiyo haipo.

Mwezi wa kumi na moja kontena zilikuwa zimeshafika ng'ambo na mnunuzi amekataa mzigo wote, kwa maana alifungua majora machache, akakuta katika moja michirizi ya upana wa kiganja, yenye bluu iliyofifia, akasema kama lipo moja yapo mengi, na tarehe 22 Novemba 1996 wakala wake alikuja na jora hilo, akalifunua juu ya meza ya ukaguzi mbele ya wafumaji wote, na namba ya wino iliyoandikwa kwenye ncha ya jora ilikuwa imetoka kwa dawa ya kupaushia, kwa hiyo jora halikuwa na mwenyewe. Wakala akasema jambo ni dogo, tajeni nyumba moja iliyofanya hivi, mnunuzi ataichukua oda ijayo kwa nyumba sitini, na hiyo moja isipewe uzi tena maisha, na akawapa dakika chache wazungumze.

Marehemu alikuwa amekaa benchi la tatu. Alilijua jora lake tangu lilipoanza kufunuliwa, kwa sababu alikuwa na mtindo wake wa kupitisha nyuzi nne za mwisho kila ukingo mbilimbili, na ukingo wake ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula, lakini aliamini wenzake, kwa hasira waliyokuwa nayo, wametazama michirizi tu na hawakutazama ukingo, na kama alivyosimulia baadaye, alihesabu watoto wake wanne, akahesabu nyumba sitini, akaona sitini ni nyingi kuliko nne, akasimama. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Mama Meza, aliyekuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya lile jora, alimtazama akasema, "Keti, shemeji. Hujapewa nafasi." Akakaa, hakusimama tena, na Mama Meza akamgeukia wakala akamwambia hawajui ni nani, na watu wote wakasema hawajui, na wakala akakunja karatasi zake akaondoka na mnunuzi wake.

Kilichofuata mnakijua, miaka mitatu bila oda ya nje, mtaa ukawa unafuma bandeji na vitambaa vya kudekia sakafu, mashine zikifanya kazi nusu siku, na nyumba sita ziliuza mashine zao zikahama, nne mwaka 1997 na mbili mwaka 1998, mpaka Oktoba 1999 alipopatikana mnunuzi mwingine ambaye mtaa unamfumia hadi leo.

Na tangu mwaka ule wa 1996 marehemu akawa mtu wa ajabu, anaamka alfajiri kabla ya mtu yeyote, spana mfukoni, anapita nyumba moja baada ya nyingine, mashine iliyokaza analegeza, iliyolegea anakaza, hajaitwa, hataki ahsante, hataki hata chai, na mkimwita mwema anakunja uso kama mmemtusi, na mara tatu, mwaka 2001, 2007 na 2013, Umoja ulitaka kumfanya mwenyekiti, mara zote tatu akakataa bila kutoa sababu, na mtaani watu wakawa wanamwonyesha kwa wageni kwamba yule pale ni mtakatifu mwenye grisi, na sisi wajukuu tukavimba vichwa, tukakopeshwa biskuti madukani kwa heshima yake.

Ugonjwa ulianza Januari 2022, kwa kikohozi ambacho yeye alikiita cha kawaida, na waganga wakakiita vumbi la pamba la miaka hamsini na nane lililokaa mapafuni, na tarehe 4 Aprili 2023 alilazwa, na jambo la kwanza alilofanya wodini, kabla ya kuwekewa dripu, ni kushika ukingo wa shuka, kulisugua kwa kidole gumba, na kumuuliza muuguzi ni nani aliyefuma takataka hii, muuguzi akamwambia babu lala, akalala, lakini aligeuzia uso ukutani. Tarehe 29 Mei alirudishwa nyumbani, madaktari wakiwa wamesema ukweli kwa upole, na tangu siku hiyo hakula vizuri, hakulala, alikuwa anatazama dari, na sisi tulidhani anaogopa kufa, kumbe kilichomwogopesha ni kufa kabla hajasema, watu waje kumzika mtakatifu ambaye si yeye.

Jumapili ya tarehe 11 Juni, baada ya chakula cha mchana, alimwagiza baba mkubwa akamwite Mama Meza, na Mama Meza, mwenye miaka sabini na tisa na goti bovu, akavuka mtaa kwa fimbo, akapumzika mara mbili njiani, akaingia, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, Bibi akiwa miguuni mwa kitanda akikunja nguo. Marehemu pumzi hakuwa nayo, kwa hiyo alisema kwa midomo, bila sauti, kama walivyokuwa wakisema kiwandani, na wote waliokuwamo chumbani walisoma.

"Shemeji, lile jora la tisini na sita lilikuwa langu. Nilitia koni nne za Juni."

Mama Meza aliegemeza fimbo yake kitandani. Kisha akasema, "Umenivusha mtaa na goti hili kuja kuniambia hilo?"

Baba mkubwa anasema hapo marehemu alidhani hakusomwa vizuri, akarudia polepole, koni, nne, Juni, na Mama Meza akamzuia kwa mkono, akamwambia kwamba siku ile, jora lilipofunuliwa, yeye hakuhitaji namba ya wino, alishika ukingo, akahesabu nyuzi nne mbilimbili, akajua, na wazee wengine wanane waliokuwa mezani walishika ukingo mmoja baada ya mwingine, wote wanane wakajua, na kabla wakala hajamaliza kusema masharti yake walikuwa wameshakubaliana kwa midomo, mbele ya pua yake, bila yeye kusikia hata neno. Marehemu alikuwa benchi la tatu, nyuma ya migongo yao, midomo hakuiona. Akamuuliza mbona hawakumtaja.

"Tungemtaja mmoja, mwaka unaofuata wangetaka mwingine. Tulikataa kuanza. Nikakuona wewe unasimama kutuharibia, nikakukalisha."

Na miaka yote hii, akauliza tena, mbona hamkuniambia mimi. Mama Meza akajikuna shingo, akasema mwanzoni waliogopa, kwa kuwa mtu akijua kuwa anajulikana anaweza kujitaja mwenyewe, kisha mnunuzi mpya akapatikana, ikawa haina haja, na halafu, akasema, tuseme ukweli maana ndiyo siku yake, "ukaanza kuja na spana alfajiri bila kuitwa, nani alikuwa na haraka ya kukuzuia?"

Marehemu alianza kutikisika, na baba mkubwa akarukia dawa akidhani mambo yamefika, kumbe ni kicheko, kicheko kisicho na pumzi, machozi yakimtiririka mpaka masikioni, akacheka akakohoa, akakohoa akacheka, na Mama Meza naye akacheka mpaka fimbo ikaanguka, na vilipotulia marehemu akamgeukia Bibi, ambaye hakuwa amecheka, akamuuliza kwa midomo kama amesikia. Bibi akaweka shuka alilokuwa akilikunja, akamwambia:

"Mimi nilizikuta karatasi nne zenye ncha nyekundu kwenye ndoo ya taka, siku ileile niliyorudi kwa dada. Nilikuwa nakusubiri uniambie wewe."

Bibi ameagiza isomwe, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba alisubiri kupita kiasi, kwamba mwaka wa kwanza alikuwa na hasira, mwaka wa pili alikuwa na huruma, na baada ya hapo ikawa mazoea, na kwamba jioni ile alimwomba marehemu msamaha kwa kumwacha abebe peke yake kitu ambacho wangekibeba wawili, na marehemu akampa, akaongeza kuwa kama angejua kwamba anajua, angekuwa ameshalala usingizi wa kutosha tangu awamu tatu za uenyekiti zilizopita.

Usiku huo alilala saa kumi mfululizo, asubuhi akadai uji na mayai mawili, na siku ya tatu jirani mmoja, ambaye familia haitamtaja ingawa anajijua na amevaa shati la mistari, alikuja kama ilivyokuwa ada kusema mashine yake inakula uzi, je, Babu anaweza kumweleza mtu namna ya kuikaza, na marehemu, akiwa ameketi kwa mito mitatu, akamjibu kwa midomo, bila haraka, "Nimeshasamehewa. Tafuta fundi."

Lakini lilibaki jambo moja, nalo alilishika kwa uzito, zile nyumba sita zilizouza mashine zikahama, kwa sababu, alisema, waliobaki walichagua kubeba, na waliohama mzigo uliwafukuza. Kwa hiyo kuanzia tarehe 14 Juni mjukuu wake, huyuhuyu anayewasomea, alitumwa kwa miguu na kwa basi kuzitafuta, akiwa na ujumbe mfupi aliokaririshwa, kwamba Fundi Spana anasema jora lile lilikuwa lake na anaomba radhi, na kati ya sita alizipata nne. Wa kwanza alisema alishajua tangu siku ileile na hana la kusema zaidi ya salamu. Wa pili ana duka la mikate, akasema kama si koni zile angekuwa bado anavuta vumbi, akamtuma mjukuu arudi na mikate mitatu. Wa tatu alishafariki, na watoto wake walisikiliza wakaahidi kuja. Wa nne, mama wa makamo ambaye baba yake aliuza mashine mbili akafa mwaka uliofuata, alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akafunga mlango, na mjukuu akarudi kupanda basi. Marehemu alipoelezwa alitikisa kichwa, akasema ana haki, na akataka jambo hilo lisomwe kama lilivyo, lisipakwe sukari. Nyumba mbili hazikupatikana, na kama yupo hapa anayezijua, familia inaomba aifikie, ujumbe bado upo.

Tarehe 1 Julai alishinda vizuri, akamfundisha kitukuu wake kusoma midomo, akimwanzishia na matusi madogomadogo, na Jumapili ya tarehe 2 Julai 2023, saa tatu asubuhi, akiwa katika chumba chake, mashine za mtaa zikiwa zimeshaanza kazi pande zote, alimwambia Bibi jambo kwa midomo ambalo Bibi amekataa kutuambia, akafumba macho, akafariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, miezi mitatu na siku kumi na nane, ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, hasa yule muuguzi aliyemwambia babu lala, kwa uvumilivu wao kwa mgonjwa aliyekagua mashuka ya wodi nzima, inawashukuru majirani waliozima mashine siku tatu hizi kwa hiari yao ilhali kontena inasubiri, inawashukuru viongozi wa Umoja wa Wafumaji, wa sasa na wale wanane wa mwaka 1996, ambao wamebaki watatu na wote watatu wamekaa mstari wa mbele, inamshukuru Mama Meza kwa kujua na kwa kunyamaza, na inawaomba radhi hadharani wote walioumia, kama marehemu alivyotaka, na baba mkubwa, ambaye alipinga hadi jana jioni, ameomba isemwe kwamba naye anaomba radhi pamoja na sisi.

Shukrani ya mwisho haikuwa imeandikwa, imeongezwa kwa kalamu asubuhi hii, kwa sababu jeneza lilipotolewa ndani lilikuwa na wabebaji watano, mjomba kitinda mimba mgongo umemkamata, na kabla hatujamtafuta wa sita alisogea kijana mmoja mrefu tusiyemjua, akaingiza bega, akabeba mpaka hapa, na alipoulizwa ametoka kwa nani alielekeza kidevu getini, alikosimama mama yake, yuleyule aliyefunga mlango. Mama, tumekuona, kiti kipo.

Babu, hakuna lililobaki, yote yamesomwa na watu hawajaondoka. Nenda ukapumzike.